Kisanduku cha Nne

Ipo nchi moja iitwayo Jamhuri ya Ndivyo. Msiulize iko upande gani. Wa mwisho kuuliza alionyeshwa, na hajarudi kutuhadithia. Ni nchi nzuri, ina milima, ina maziwa mawili, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ina vyeti. Mwandivyo akizaliwa hupewa cheti, akifa hupewa cheti, na hapo katikati akitaka kuthibitisha kwamba bado yu hai, hupanga foleni apewe cha muda.

Humo ndimo alimokuwa akiishi Siwema Mpangala, mkaguzi wa umeme wa wilaya ya Kinyonga. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipanda ngazi, akitambaa juu ya dari za watu, akifungua soketi na kuchungulia ndani. Akimaliza hujaza Cheti cha Ukaguzi wa Umeme, karatasi ya kijani yenye nakala tatu. Katika karatasi hiyo palikuwa na sehemu moja ambayo wakaguzi wenzake waliijaza huku wakinywa chai, bila hata kuinua macho: Njia Iliyotumika Kulaza Waya. Visanduku vitano. Cha kwanza, waya umepigwa klipu juu ya ukuta. Cha pili, umepitishwa kwenye paipu ndani ya ukuta. Cha tatu, umelazwa juu ya dari. Cha nne, umefukiwa ardhini. Cha tano, umening'inizwa kwenye nguzo.

Wenzake walitia tiki popote kalamu ilipoangukia. Siwema, ng'o. Siwema alikuwa na wazimu na sehemu ile.

"Waya unapumua," aliwaambia mafundi, kidole usoni mwao. "Umeme ukipita unapata joto, na joto lile lazima litoke. Ukiuacha wazi, linatoka. Ukiufunika, linabaki humohumo. Mtu aliyejifunika mablanketi matatu utamtuma kazi ileile ya mtu aliyevaa singlendi? Sasa wewe nidanganye umeupitisha wapi, na atakayekuja kuongeza mzigo aamini karatasi, halafu mje mniite niokote majivu!"

Mafundi walimwita Bi Visanduku nyuma ya mgongo wake, na mbele yake wakanyamaza. Hata hivyo nyumba za Kinyonga hazikuungua.

Mwaka huo serikali ilikuwa imejenga wodi mpya ya wazazi pale zahanati ya Kinyonga, na Siwema alikuwa na sababu yake ya kuikodolea macho. Mdogo wake, Mwamvita, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba ya kwanza ilikwisha vibaya. Mtoto alizaliwa pumzi zinagoma, na mashine ya kuwasaidia watoto kupumua ilikuwepo, ndiyo, ilikuwepo kabisa, ndani ya boksi lake, mwaka wa nne sasa, kwa kuwa wodi ya zamani haikuwa na umeme. Mkunga, Bi Tabia, alisimama kati ya mtoto na boksi, hana la kufanya. Boksi lile lilikuwa na cheti cha mapokezi, kimegongwa muhuri.

"Dada, safari hii umeme utakuwepo?" Mwamvita aliuliza, mkono tumboni.

"Utakuwepo. Kuta nimezikagua mwenyewe. Nyaya ziko ndani ya paipu, safi kabisa, hata mimi nimekosa cha kugombea. Kimebaki cheti tu."

Kimebaki cheti tu! Masikini Siwema, miaka kumi na tisa kazini na bado anasema maneno kama hayo.

*

Lazima mjue kwamba katika Jamhuri ya Ndivyo cheti cha jengo la serikali hakisainiwi ofisini. Kinasainiwa jukwaani, na mkubwa, mbele ya umma na bendi ya polisi. Karatasi huletwa kwenye sinia, imefunikwa kitambaa cha atlasi, kimekatwa kidirisha kidogo panapoonekana mstari wa saini tu. Mkubwa hasomi. Akisoma, watu watadhani hawaamini watumishi wake, au, Mungu apishe mbali, kuna jambo ambalo alikuwa halijui. Akishasaini, mkaguzi wa wilaya husogea na kutia tiki kwenye kisanduku cha njia ya waya, bendi inapiga, watu wanakwenda kula.

Kufungua wodi ya Kinyonga alikuja Rais mwenyewe, Baba wa Mwanga, mtawala wa awamu ya nne. Awamu tatu za kwanza zilikuwa zake pia. Mashine ilikuwa imetolewa kwenye boksi, ikachomekwa kwenye soketi ya wodi mpya na kufungwa utepe shingoni. Kando ya Rais alisimama Waziri wa Mwanga, Mheshimiwa Dakta Ngalapa, mtu mnene wa maneno na mwembamba wa mengineyo.

Sinia likaletwa. Baba wa Mwanga akasaini. Halafu, kwa sababu siku ile ilikuwa na upepo au kwa sababu nchi ile ilikuwa na mikosi, kitambaa kikapeperuka, na Baba akaviona visanduku.

"Hivi ni vya nini?" akauliza.

Waziri Ngalapa hakujua. Lakini waziri wa Ndivyo hasemi hajui. "Ni vya mapambo, Baba," akasema. "Vimewekwa kwa heshima yako."

"Naweza kutia tiki?"

"Utawafurahisha wananchi!"

"Basi mimi ni awamu ya nne," alisema Baba wa Mwanga, akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akatia tiki kubwa kwenye kisanduku cha nne. Mtangazaji akapaza sauti kwamba huyu ni kiongozi wa kwanza duniani kujitilia tiki kwa mkono wake. Bendi ikalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mwamvita miongoni mwao, maana hakujua.

Siwema alikuwa nyuma, kalamu mkononi. "Mheshimiwa, sa—" akaanza, na mlinzi akamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino cha buti, taratibu, bila chuki, akabaki amesimama hapo hapo mpaka wimbo wa taifa ukaisha. Beti zote kumi na nne.

*

Siwema alikwenda makao makuu. Siku tatu alikaa kwenye benchi la Wizara ya Mwanga, ya nne akaingizwa kwenye chumba chenye watu kumi na mmoja na jagi moja la maji.

"Shikamooni. Mheshimiwa, cheti cha wodi ya Kinyonga kinasema nyaya zimefukiwa ardhini. Nyaya ziko ukutani."

"Nani anasema ziko ukutani?" aliuliza Waziri Ngalapa.

"Mimi. Nimeziona kwa macho yangu."

"Na nani anasema ziko ardhini?"

Chumba kizima kikatazama picha iliyotundikwa ukutani. Siwema naye akaitazama. Baba wa Mwanga alikuwa akitabasamu pale juu, kalamu mfukoni.

"Inatosha kuandika cheti kipya," alisema Siwema. "Kisanduku cha pili. Ni kazi ya dakika mbili."

Mmoja wa wale kumi na mmoja aliziba masikio yake. Mwingine akamwaga maji. Mwanasheria wa wizara akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Dada yetu hana nia mbaya," akasema, "ni uchovu wa safari."

"Basi tuzing'oe nyaya ukutani tuzifukie chini. Ni kazi ya kijinga, lakini inafanyika. Wiki mbili."

"Ukizing'oa ukutani," alisema mwanasheria, kwa upole kama anamwelekeza mgonjwa, "utakuwa umekiri kwamba siku Baba alipotia tiki, zilikuwa ukutani."

Ndipo Waziri Ngalapa akasukuma kiti nyuma, akasimama, akaweka mikono mezani. Lo! Aliyekuwa akikuna kichwa aliacha.

"Bi Siwema. Ardhi ni nini?"

"Ardhi ni... chini, Mheshimiwa."

"Ardhi ni pale udongo ulipo. Udongo ukiwa chini, ardhi iko chini. Udongo ukipanda, ardhi imepanda. Je, sisi hatuna udongo? Nchi hii, tuliyoachiwa na mababu zetu, ina upungufu wa udongo?" Wakasema haina. "Basi ndugu zangu, Baba hakukosea. Baba alitangulia. Ni udongo uliochelewa!"

Walipiga makofi mpaka jagi likatikisika. Hapo hapo ikatungwa Amri Namba Nne, ambayo mwanasheria aliiandika huku machozi ya furaha yakimtoka: Cheti kikishasainiwa na kutiwa tiki hakirekebishwi. Kinachorekebishwa ni jengo. Mkaguzi akigundua tofauti ataripoti Idara ya Udongo ndani ya siku saba, na Idara itafukia jengo hadi waya wake wa juu kabisa uwe ardhini.

"Na akina mama wataingiaje?" aliuliza Siwema.

Cheti kikapitishwa mkono kwa mkono. Wakakisoma mbele, wakakigeuza nyuma.

"Akina mama hawakutajwa," alisema mwanasheria.

Wakamsogezea karatasi ya ripoti asaini. Hapa msimwonee, lakini msimtetee pia. Siwema alijipigia hesabu zake kimya kimya: asiposaini, jengo halitalingana na cheti na umeme hautaunganishwa kamwe, na atakayekuja baada yake atasaini akiwa anakunywa chai. Akisaini, wodi itawekewa udongo, lakini mlango ataupigania, na mlango ukibaki, taa zitawaka, mashine itafanya kazi, na Mwamvita atazaa penye umeme hata kama ni ndani ya kichuguu. Alichukua kalamu akasaini. Hakusita, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

*

Malori ishirini yakaja Kinyonga. Msimamizi wao alikuwa Bwana Mshamu wa Idara ya Udongo, mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma, aliyekuwa amekwisha kufukia madimbwi, visima na soko moja, na hakuna aliyewahi kumsikia akigombana.

"Mimi sina ugomvi na jengo, Bi Mkaguzi," alisema. "Naambiwa hadi wapi, nafukia hadi hapo."

"Kaka Mshamu, niachie mlango. Mlango tu. Nakuomba kama ndugu."

Mshamu alikuna kofia, akaacha mlango. Kwa siku nne udongo mwekundu ukapanda, ukameza madirisha, ukameza paa, na pembeni kikabaki kijia chembamba kinachoshuka mlangoni. Siwema akaanza kupumua. Siku ya tano akafika afisa kutoka wizarani na kijiti cha kupimia. Akazunguka. Akachomachoma. Akafika mlangoni, akainua kichwa.

"Hii taa ya nje iliyo juu ya mlango imo kwenye cheti?"

Siwema aliitazama taa ile. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, kwa sababu miaka kumi na tisa hakuwahi kuacha taa hata moja. "Imo," akasema.

"Na waya wake uko wapi?"

"Juu ya mlango."

"Yaani nje ya ardhi."

Malori mawili yakatosha.

Kabla hayajamwaga, Siwema aliomba basi mashine itolewe kwanza. Afisa akamwonyesha kifungu: mali ya wodi haitoki nje ya wodi. Akaomba basi wodi ya zamani ifunguliwe. Wodi ya zamani ilikuwa imebomolewa siku ileile ya sherehe, maana orodha ya wizara ilikuwa na nafasi ya wodi moja.

Umeme uliunganishwa mchana wa siku hiyo, kwa heshima zote, kwenye nguzo iliyokuwa pembeni, yenye mita. Mita ikaanza kuzunguka. Kule chini taa kumi na mbili ziliwaka, feni zikapepea vitanda vitupu, na mashine, utepe shingoni, ikawasha kijitaa chake cha kijani. Mwanga ulikuwa umefika Kinyonga. Magazeti yaliandika hivyo, nayo magazeti ya Ndivyo hayaandiki uongo, huandika vyeti.

*

Mwamvita alishikwa na uchungu Jumamosi, jua la saa sita, wiki tatu kabla ya siku zake.

Bi Tabia mkunga alikuwa ametandika turubai juu ya kile kilima cha udongo, kwa sababu eneo jingine lote la zahanati lilikuwa tope la malori. Akachomeka miti minne, akazungushia kanga. Mtoto alitoka upesi, wa kiume, mzima viungo vyote, ana nywele nyingi. Hakulia.

"Hapumui vizuri," alisema Bi Tabia. "Mama yangu weee, anagoma kama yule."

Akamgeuza, akamsugua mgongo, akampulizia kwa kinywa chake. Mtoto akavuta pumzi moja. Bi Tabia akainua uso akamtazama Siwema, na wote wawili wakatazama chini, penye turubai. Mashine ilikuwa hapo hapo. Chini ya magoti yao. Imechomekwa, inanguruma peke yake.

Siwema akateremka kilima mbio, akaanguka penye mlango, au pale mlango ulipokuwa, akaanza kuchimba kwa mikono. Udongo ulikuwa umeshindiliwa. Kucha zikang'oka. Bwana Mshamu, aliyekuwa akikusanya vifaa vyake, akaja na koleo.

"Bi Mkaguzi, usichimbe, kina kitapungua," akasema.

"Mshamu! Mtoto anakufa! Chimba!"

Mshamu aliliangalia koleo. Akamwangalia afisa wa wizara, aliyekuwa ameegemea gari akiandika. Akalishika mpini, akaliinua kidogo, akalirudisha. Pale kwenye nguzo mita ilikuwa ikizunguka, tik, tik, tik.

Mtoto alivuta pumzi ya pili. Ya tatu hakuvuta.

Alizikwa alasiri hiyo. Kwa desturi ya Kinyonga wanawake hawaendi makaburini, basi waliomtia udongo walikuwa wanaume, baba yake na majirani, kila mmoja viganja vitatu. Mwamvita alibaki ndani, ameegemea ukuta, maziwa yanamlowesha nguo.

"Mimi sikumtia udongo mwanangu," alisema. "Hata kiganja kimoja."

Baada ya siku tisa ikaja taarifa ya wizara, na Mwamvita akaisoma mwenyewe. Ilisema wodi ya Kinyonga imeanza kazi kwa mafanikio, na mama wa kwanza amekwisha kujifungua. Ni kweli alijifungulia juu ya wodi na si ndani yake, lakini kwa kuwa mipaka ya wodi upande wa juu haikutajwa, amehesabiwa. Habari ya mtoto haikuwemo. Fomu haikuwa na nafasi yake.

Chini ya taarifa palikuwa na orodha ya watumishi waliofanikisha. Jina la pili lilikuwa la Siwema.

"Dada, na wewe ulisaini?"

"Nilisaini."

"Kabla hajazaliwa."

Mwamvita akaikunja karatasi, akampa, akamgeuzia mgongo. Hakumsemesha tena, si siku hiyo, si wiki hiyo. Siwema akija na chakula anakikuta asubuhi nje ya mlango, kimefunikwa kama alivyokileta.

*

Ndipo nishani ilipokuja. Ndiyo, nishani! Mkaguzi Siwema Mpangala, kwa utii uliotukuka, atavishwa nishani Siku ya Cheti, sikukuu ya taifa, mbele ya makao makuu mapya ya Wizara ya Mwanga, na kwa heshima hiyohiyo ndiye atakayeyakagua na kuyaandalia cheti.

Alikwenda. Alikagua makao makuu yale kwa siku sita, ghorofa tatu, vioo vya buluu, swichi za rangi ya dhahabu. Alifungua kila soketi. Alitambaa kila dari. Kazi ilikuwa safi: nyaya zote zimelazwa juu ya dari, zina nafasi, zinapumua. Kisanduku cha tatu, bila ubishi. Aliandika kila taa, mpaka ile ndogo iliyoko kileleni penye mlingoti wa bendera. Sehemu ya tiki akaiacha wazi, kama utaratibu unavyotaka, mpaka siku ya sherehe.

Siku ikafika. Bendi ikapiga. Siwema akavishwa nishani ya shaba iliyochongwa kisanduku chenye tiki ndani. Kisha sinia likaja, na Waziri Ngalapa akasaini kwa madaha. Siwema akasogea na kalamu yake.

Lakini Waziri alikuwa na ndoto yake, na alikuwa ameiota tangu Kinyonga. Akakinyanyua kitambaa cha atlasi kwa vidole viwili.

"Leo," aliuambia umma, "na mimi nitajitilia tiki. Nafuata nyayo."

"Mheshimiwa," alisema Siwema, kwa sauti ya kawaida, karibu kabisa na kipaza sauti, "hapo ni mahali pa mkaguzi. Na jengo hili kisanduku chake ni cha tatu."

Watu walimsikia. Afisa wa wizara, yule wa kijiti, aliandika kwamba amesikia. Waziri akacheka, kicheko cha mtu anayemsamehe mtoto.

"Baba alitia tiki kipi?"

"Cha nne, Mheshimiwa."

"Na mimi nani nimpite Baba kushoto?"

Akatia tiki kwenye cha nne, kubwa, kalamu ikatoboa karatasi. Bendi ikalipuka. Siwema alichukua nakala yake, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Lakini moyoni mwake, niseme kweli, alikuwa na furaha chafu, furaha inayouma meno, na hakuionea haya.

Amri Namba Nne ilimpa siku saba za kuripoti. Hakuhitaji saba. Alitembea kutoka jukwaani moja kwa moja hadi dirisha la Idara ya Udongo, nishani ikimgongagonga kifuani, akajaza fomu, akagongewa muhuri.

*

Malori yalikuwa mia na arobaini. Yalijipanga tangu barabara kuu, na mbele alisimama Bwana Mshamu na kofia yake ya kufuma. Tangu ile Jumamosi alikuwa amekonda.

"Hadi wapi, Bi Mkaguzi?"

"Hadi taa ya mlingoti."

"Na mlango?"

"Juu ya mlango kuna taa."

Mshamu aliinamisha kichwa. "Safari hii," alisema polepole, "sitauliza tena." Akapuliza filimbi.

Watumishi wadogo waliruhusiwa kutoka, kwa kuwa hawakutajwa. Walitoka na thermosi zao, wakasimama ng'ambo ya barabara kuangalia. Waziri Ngalapa alitajwa: saini yake ilikuwa chini ya cheti. Kutoka kwake kungekuwa na maana kwamba hakiamini. Wale kumi na mmoja wakabaki naye, kila mmoja akimchunga mwenzake asitangulie kutoka.

Udongo ulipofika ghorofa ya kwanza, dirisha la tatu likafunguka, uso wa Waziri ukachomoza, mweupe kwa vumbi.

"Mshamu! Nani amekutuma?"

"Cheti, Mheshimiwa!"

"Sitisha! Hicho cheti kina kosa!"

Filimbi ikanyamaza. Injini zikazimwa moja moja. Ng'ambo ya barabara, watumishi wote wa Wizara ya Mwanga wakatoa kalamu. Hata madirishani, nyuma ya mgongo wa Waziri, wale kumi na mmoja wakatoa kalamu.

Siwema akafungua daftari lake. "Tuandike, Mheshimiwa," aliita. "Kosa liko kisanduku gani?"

Waziri akatazama kalamu zote zile. Akageuka nyuma, akaona nyingine, na picha ya Baba juu yake, inatabasamu. Akafungua kinywa. Akakifunga. Udongo ulikuwa umemwingia kooni, akakohoa sana.

"Hakuna kosa," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo hata Siwema aliisikia kwa shida. "Udongo umechelewa tu."

"Asante, Mheshimiwa. Nimeandika."

Waziri akavuta dirisha mwenyewe, akalifunga. Taa za ndani zikawashwa, maana mchana ulikuwa umeanza kuwapungukia mle.

Mshamu alikuwa ameinua filimbi alipomwona mwanamke akija kati ya malori, amejifunga kanga ya msiba, viatu mkononi. Ilikuwa Mwamvita. Alikuwa amesafiri kutoka Kinyonga kwa siku mbili, na Siwema hakuwa amemwita, wala hakuthubutu kumsogelea. Mwamvita hakumtazama dada yake. Alipita mbele yake, akaenda mpaka penye udongo uliopanda mlangoni mwa wizara, akainama, akajaza kiganja.

Akautupa.

Akainama akachota wa pili, akautupa. Akachota wa tatu. Kisha akapangusa mikono kwenye kanga, akarudi, akasimama kando ya Siwema, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu zile siku tisa akafungua kinywa kumsemesha.

"Waambie waendelee," alisema.

Siwema akamwangalia Mshamu, na Mshamu akapuliza filimbi.